Aliyeitikia Hodi ya Fisi

Paukwa.

Pakawa.

Mlango?

Umebishwa.

Nani kaitikia?

Hatujui, tuambie wewe.

Basi tulieni. Na wewe unayetafuna mahindi kule nyuma, tafuna polepole, maana kisa hiki hata mimi mwenyewe kila nikikisimulia kinanichanganya.

Hapo kale wanyama waliishi mji mmoja, nyumba kwa nyumba, na mila yao ilikuwa hii: haingii mtu kwa mwenzake bila kubisha hodi mara tatu na kuitikiwa. Mwenye nyumba akiwa shambani, jirani humwitikia. Jirani akisema karibu, umekaribishwa. Asiposema, nawe ukakanyaga kizingiti, mji mzima unakushukia. Hata Fisi, asiye na haya ya kitu chochote, aliiogopa mila hiyo.

Siku moja Mbuni alirudi kutoka shambani akakuta kiota kitupu. Mayai yake yote yameliwa, halikubaki hata moja. Alilia mpaka majirani wakaacha vyungu motoni.

Akaitwa Kakakuona. Kazi yake pale mjini ilikuwa kunusa na kufuata nyayo. Akanusa, akafuata, akafika kwa Fisi, akamkuta amelala juu ya maganda. Fisi wala hakukana.

"Nimekula mimi," alisema. "Lakini mila sikuivunja. Nilibisha hodi mara tatu, mara tatu nikakaribishwa. Muulizeni jirani yake, Bi Kanga."

Fisi akafukuzwa palepale, akaenda zake porini anacheka. Kichwa kikabaki kumuuma Kakakuona, kwa sababu Simba, mkuu wa mji, alimwambia, "Kabla jua halijatua utaniambia neno moja tu. Kama Bi Kanga ana hatia, naye atatoka leo hii, na mayai yake atayaacha hapahapa. Kama hana, asinyooshewe kidole."

Bi Kanga alikuwa mjane, tena alikuwa anaatamia. Akitoka, mayai yatapoa. Kakakuona alilijua hilo, akaenda kwake na moyo mzito.

"Bi Kanga, ulijua?"

"Sikujua, kaka. Tangu mume wangu afe hakuna aliyekuja kunijulia hali. Akaja Fisi. Siku ya kwanza aliniuliza nimeamkaje. Siku ya pili akaniezekea paa. Siku ya tatu akasema amemtafutia Mbuni dawa ya miguu, kesho yake akibisha hodi nimwitikie aiache ndani. Nikamwitikia."

Kakakuona akamwonea huruma. Maskini, huyu kadanganywa, hana hatia. Akaondoka kwenda kumwambia Simba. Njiani akasimama. Fisi kumtafutia mtu dawa? Tangu lini? Hata kifaranga angecheka. Akarudi.

"Bi Kanga, ulijua?"

"Sikujua, kaka. Mtu kakuezekea paa, utamwitaje mwongo?"

Kakakuona akaona na hilo nalo ni kweli. Akaondoka tena. Alipopita nyuma ya nyumba, pua ikamvuta. Nyayo za Bi Kanga zilitoka kiotani hadi kwenye kichaka cha miiba, zikarudi. Chini ya kichaka palikuwa na shimo lililotandikwa majani makavu. Lilikuwa tupu, lakini lilinuka mayai ya kanga. Akarudi.

"Bi Kanga, leo asubuhi kabla Fisi hajabisha ulihamisha mayai yako. Alipokwisha kwenda ukayarudisha. Ulijua?"

Bi Kanga aliyafunika mayai yake kwa mbawa.

"Niliyahamisha," akasema. "Niliamka nikayabeba moja moja, nikajiambia ndani kuna joto. Na joto lilikuwapo, kaka, leo kumekuwa na joto kweli."

"Joto likayapata mayai yako, ya Mbuni lisiyapate?"

Bi Kanga akaanza kulia. "Hilo ndilo linalonitesa. Nikisema nilijua, naona nasema uongo. Nikisema sikujua, naona nasema uongo."

Jua likawa linashuka. Kakakuona akaenda barazani, kichwa kinamzunguka, na Bi Kanga akaja nyuma yake.

"Neno moja," akasema Simba.

"Hana," akasema Kakakuona. Kisha akasema, "Ana." Kisha akasema, "Hana."

Nyani akacheka. Watu wakanung'unika kwamba kikulacho ki nguoni mwako, atolewe tu. Kakakuona akaona aibu, akaingiza kichwa tumboni, akajikunja akawa mviringo. Wakamvuta, wakamsukuma, wakambembeleza. Hakufunguka.

Ndipo Mbuni akasogea. "Jirani," akamwambia Bi Kanga, "nijibu mimi."

"Nilijua kiasi cha kuficha yangu," akasema Bi Kanga. "Sikujua kiasi cha kuokoa yako."

Mbuni akamtazama. Kisha akamwambia Simba, "Mwache abaki. Mayai yake hayakumkaribisha mtu. Ila mimi nyumba inayoitikiwa na jirani siitaki tena."

Jioni ileile Mbuni akautoka mji. Akaenda kuishi uwandani, pasipo mlango wala jirani, anapoweza kumwona mtu tangu mbali. Hakutuma hata salamu.

Bi Kanga akabaki, hakuna aliyemnyooshea kidole. Lakini tangu siku ile, likitikisika jani, apite paka, apite mgeni wa heri, yeye hupiga kelele mji mzima usikie. Hangoji kujua ni nani. Anapiga kelele mpaka sauti inamkauka, na Mbuni yuko mbali, hasikii.

Funzo lenyewe ni hili, wanangu: ukiona mikono yako inaficha chako, mwite na jirani yako afiche chake. Usingoje moyo ukueleze sababu.

Kisa changu nimekitua hapa, mwenye mgongo mzuri akibebe. Mkitaka kubishana kama alikuwa na hatia ama la, bishaneni kwenu, mimi nimezeeka na nataka kulala.