Kwa Nini Babu Humwita Mjukuu Wake Mke

Nyinyi mnaocheka babu yenu akimwita dada yenu "mke wangu," tulieni kwanza. Utani huo haukuwepo tangu mwanzo. Zamani, misitu ya milima hii ilipokuwa inafika mpaka mlangoni, babu alikuwa mtu wa kuogopwa. Mjukuu alimpigia magoti, akamsalimia, akangoja kuitikiwa, kisha akaondoka kinyumenyume. Kumuuliza mzee swali ilikuwa ni kumtukana, na mwenye kutukana alitozwa mbuzi. Mzee naye hakusema jambo bila kuulizwa, kwa sababu kusema bila kuulizwa ilikuwa dalili ya akili kuchakaa. Sasa niambieni, watu wa namna hiyo wangejuana vipi?

Katika zama hizo aliishi msichana aitwaye Wakesho. Jina hilo lilikuwa la bibi yake, mama mzaa baba, aliyefariki kabla yeye hajazaliwa. Wakesho alipendana na kijana wa ukoo wa ng'ambo ya bonde. Taabu ni kwamba kila mtu alijua ukoo ule ni ndugu zao, na ndugu hawaoani. Ndugu kwa nani? Hilo hakuna aliyelijua.

"Anayejua ni babu yako," baba yake alimwambia. "Akisema si ndugu, nitampokea mshenga. Asiposema, mavuno yakiisha kijana wa watu ataposa kwingine."

"Nitajuaje, baba, na kuuliza ni mwiko?"

"Mwiko ni mwiko," alisema baba yake, akachukua jembe akaenda zake.

Basi Wakesho akawa anapanda kila asubuhi kwa babu yake, Mzee Mwadime, nyumba ya juu kabisa kilimani, na kibuyu cha uji mkononi. Hupiga magoti, husalimu, mzee huitikia. Halafu kimya. Mzee hunywa uji, hutazama bonde, hujikuna shavu, hutazama bonde tena. Wakesho naye hujaribu kuuliza bila kuuliza.

"Watu wa ng'ambo wanavuna," husema.

"Mm."

"Nasikia ni watu wema."

"Mm."

Na hiyo "mm" yenyewe ilitoka kwa shida, kama jino. Wakesho alinung'unika akipanda kilima, na akishuka alinung'unika zaidi. Mtama ukavunwa shamba baada ya shamba, mpaka yakabaki yale ya wavivu, na bado mzee hajasema lolote.

Asubuhi moja mzee alionja uji, akaweka kibuyu chini, akatamka neno. "Chumvi."

Basi, hilo tu. Siku zote zile za kupanda na kushuka, neno la kwanza kumtoka mzee, nalo ni chumvi! Wakesho uvumilivu ulimwishia. Alisimama wima mbele yake, kitu ambacho hakuna mjukuu aliyewahi kukithubutu.

"Hivi bibi alikuvumiliaje?" alifoka. "Ningekuwa mimi ndiye mkeo, ningekwisha rudi kwetu!"

Maji yakimwagika hayazoleki. Alijiziba mdomo, akiwaza mbuzi wa baba yake na kijana wa ng'ambo kwa pamoja. Mzee aliinamisha uso. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na Wakesho akadhani amemliza. Kumbe anacheka.

"Alirudi," mzee alisema. "Mara mbili."

Wakesho aliketi chini, mwiko umemtoka kichwani. "Mara mbili? Ulimfanya nini?"

"Mara ya kwanza, sikumwambia kwamba chakula chake ni kitamu. Nilidhani kukimaliza kunatosha. Alizidisha chumvi maisha yake yote, maskini, na sasa uji wa wengine nauona maji matupu. Mara ya pili sikumbuki kosa. Hata yeye hakulikumbuka, ila alikuwa amekwisha fungasha."

"Ukamfuata?"

"Nilimfuata kwao kama mara ya kwanza, hayupo. Alikuwa ng'ambo, kajificha kwa rafiki yake. Baba yangu akaona aibu watu wajue mkwewe katoroka. Walipomuuliza yuko wapi, akasema, 'Kaenda kuwasalimu ndugu zetu wa ng'ambo.' Hakuna aliyethubutu kumuuliza tena. Wakawa ndugu."

"Kwa hiyo si ndugu zetu?"

"Ndugu! Hata mbuzi wetu hawajuani."

"Na wewe umekaa hapa kimya, siku zote hizi, mimi nakwea kilima!"

"Hukuniuliza."

"Kuuliza ni mwiko!"

"Na kusema bila kuulizwa ni uzee," alisema Mzee Mwadime. "Mimi bado si mzee, mke wangu."

Wakesho hakushuka upesi siku ile, ingawa habari aliyoitaka alikuwa ameipata. Aliuliza kuhusu bibi, jinsi alivyotembea, jinsi alivyogomba. Aliuliza iwapo babu aliwahi kuogopa kitu, na babu akajibu kwamba aliogopa kukaa ndani peke yake, ndiyo maana hukaa nje. Mshenga alipokelewa, lakini Wakesho aliendelea kupanda kilima, na huko juu walitaniana mpaka majirani wakatoka kusikiliza.

Siku ya kumchukua bibi harusi, Mzee Mwadime alikaa chini katikati ya mlango wa kina Wakesho. "Huyu ni mke wangu," alisema. "Hatoki." Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Wakesho hakucheka. Alikuwa ameishi kijiji kimoja na babu yake tangu azaliwe, lakini amekuja kumjua mwisho wa mavuno haya tu, na ilimuuma sana.

Na tangu siku hiyo babu na mjukuu hutaniana na huulizana wanachotaka, wala hakuna anayekasirika. Na mjukuu wa kike hatoki kwao kwenda kuolewa mpaka babu aliyekaa mlangoni akubali kuinuka. Wapo wanaochukua muda mrefu kuinuka, na watu husema ni magoti ya uzee.