Ambakisye, Aliyeifungua Kamba ya Lukwambo

Enyi watu wa Mateteni, mliozaliwa ng'ambo hii ya mto na mliokuja kuoa au kuolewa hapa, tulieni niwaambie jinsi tulivyopata kuwa kijiji.

Katika zama za mababu, wakati milima ya Lukwambo ilipopimwa kwa minyororo na wageni waliokuja na miche ya kahawa, na wenyewe wa milima wakaambiwa kuwa tangu siku hiyo wanaishi katika shamba la mtu, alizaliwa Ambakisye mwana wa Mwandemele, mwana wa Kasyupa mhunzi, mwana wa Mwalukasa aliyewapandisha watu wetu milimani mwaka wa nzige. Mama yake alikuwa Tusekile, mwanamke aliyezaa watoto saba akawazika sita, na huyu aliyebaki akamnyonyesha maziwa ya wote. Ndiyo maana, wazee walisema, alikua akawa mkubwa kuliko mlango wa nyumba yao, akaitwa Bega la Mlima.

Wamisheni wa Kibatisti walipoanza kujenga kanisa la mawe pale Lukwambo, jiwe la kizingiti liliwashinda wanaume wanane na magogo yao. Ambakisye aliwaomba wasogee, akapiga goti, akalitia begani, akapanda nalo kilima chote bila kutua, na alipoliweka mahali pake alama ya nyayo zake ilibaki katika udongo mpaka masika yalipokuja kuifuta. Kuanzia hapo wakamwita pia Mbeba Kizingiti. Mmisheni mzee, aliyeuona moyo wake kuwa mpana kama kifua chake, akamfundisha kusoma na kuhubiri, na baada ya miaka sita akamwekea mikono awe mchungaji. Kisha mzee yule akafa, na kanisa likabaki mikononi mwa wenye mashamba.

Mkubwa wao alikuwa Bwana Kolstoni, ambaye kahawa yake ilianza mtoni ikaishia mawinguni. Yeye ndiye aliyeamuru kamba ya mkonge ifungwe katikati ya kanisa, kutoka ukuta hadi ukuta. Mbele ya kamba palikuwa na viti vya kuegemea, pakakaa Wazungu; nyuma yake palikuwa na sakafu, wakakaa watu waliolijenga jengo lenyewe. Mhubiri mpya wa Kizungu alihubiri mbele kwa lugha yake, na Ambakisye akasimama juu ya sanduku nyuma ya kamba, akitafsiri. Miaka mitatu alitafsiri. Alijiambia kuwa neno likifika masikioni, haidhuru limepita wapi. Lakini mkewe Subilaga, binti wa Mwaisumo, aliwahi kumwambia kuwa kila Jumapili anarudi nyumbani akiwa mfupi kidogo.

Basi ikaja Jumapili ya mvua kubwa. Tusekile alikuwa amekwisha kuzeeka, na macho yake yalikuwa na ukungu. Aliingia kanisani akichelewa, akipapasa ukuta, na mkono wake ulipokutana na kamba aliiinua akapita chini yake, kwa maana hakujua ni nini. Akapata kiti, akashukuru, akaketi. Aliyekuwa kiti cha pili alikuwa Bibi Elinori, mjane wa kaka yake Bwana Kolstoni. Mama huyo aliivuta sketi yake iliyoguswa na shuka lililolowa, akainua mkono. Wakaja wanaume wawili, wakamshika Tusekile makwapa, wakampeleka nje, wakarudi wakafunga mlango.

Ambakisye aliyaona hayo yote akiwa juu ya sanduku. Mhubiri alikuwa katikati ya sentensi. Naye Ambakisye, Bega la Mlima, ambaye angeweza kuwabana wale wawili, mmoja chini ya kila kwapa, aliitafsiri sentensi ile. Akatafsiri na iliyofuata. Akatafsiri hadi amina, na alipotoka alimkuta mama yake ameketi matopeni penye mchirizi wa paa, kwa kuwa hakuona pa kwenda.

Homa ilimshika jioni ile. Siku ya tano Tusekile akafa. Alikuwa hajamlaumu mwanawe hata kwa neno moja, na hilo lilimuumiza mwanawe kuliko laana.

Jumapili iliyofuata Ambakisye hakupanda sandukuni. Alitembea hadi ukutani palipofungwa kamba, akalifungua fundo taratibu kwa vidole vyake, mbele ya macho ya wote, akaenda ukuta wa pili akalifungua la pili. Akaikunja kamba kama anayekunja kamba ya mbuzi, akaiweka juu ya Meza ya Bwana. Ndipo akasema, kwa lugha zote mbili, ya kwao na ya kwetu:

"Nimewatafsiria maneno ya watu miaka mitatu. Leo nasema langu. Kamba hii haikusukwa na Mungu, nami nilisimama nyuma yake mama yangu akiloa. Anayetaka kuabudu bila kamba anifuate."

Bwana Kolstoni alisimama akamwambia kuwa akikivuka kizingiti kile hatakivuka tena. Ambakisye alikitazama kizingiti alichokibeba mwenyewe, akakivuka. Watu mia na arobaini wakatoka nyuma yake. Wakashuka bondeni, wakavuka Mto Kisyogo, wakafika penye kinamasi ambacho hakuna mwenye shamba aliyekitamani. Hapo palikuwa na matete na vyura. Wakafyeka matete, wakachimba mifereji, na Ambakisye akabeba nguzo kutoka msituni, mbili kwa safari moja. Nyumba ya kwanza kujengwa ilikuwa kanisa. Akaweka sheria moja tu: katika nyumba hii hakuna mahali pa mtu fulani, anayekuja aketi palipo wazi, na pasipo wazi waliopo wasogee. Ndivyo kilivyozaliwa kijiji chetu.

Miongoni mwa waliomfuata alikuwako Mwandobo mwana wa Kyusa, mzee wa kanisa, ambaye shamba la baba yake lilimezwa na kahawa ya Bwana Kolstoni, na mgongo wake ulikuwa na makovu saba ya kiboko. Hakuna aliyefanya kazi kuliko Mwandobo katika kukausha kinamasi kile. Ambakisye alimpenda kama ndugu wa tumbo moja.

Mwaka wa pili, siku ya Jumapili, Bibi Elinori alikuja kwa miguu. Viatu vyake vilijaa tope na nywele zake zilikuwa zimelowa kwa kuvuka mto. Akasimama mlangoni. Alisema kwa Kiswahili kibovu kuwa hajapata usingizi mzuri tangu Tusekile alipozikwa, na kwamba anaomba abatizwe upya, mtoni, pamoja na watu wa Mateteni, kwa sababu ubatizo alioupata mwanzo haukumzuia kuinua mkono ule.

Hakuna aliyesogea. Ambakisye alimtazama, uso wake ukabadilika, akafunga Biblia na kutoka kwa mlango wa nyuma. Siku tatu alikaa katika matete bila kula. Subilaga alimfuata siku ya tatu na kibuyu cha maji. Alimkuta ameketi, mikono yake mikubwa imelala magotini.

"Baba Lusajo," alimwambia, kwa jina la mtoto wao, "watu wanataka jibu."

"Nikimkubali, namkanyaga mama kaburini."

"Na ukimkataa?"

Subilaga aliketi karibu naye hadi jua lilipokwenda upande, akampa maji, akanywa, wakarudi pamoja.

Mbele ya watu, Mwandobo alisimama kwanza. Hakupaza sauti. "Mchungaji, mimi sina maneno ya kitabu. Wana kanisa la mawe, wana milima, wana mto kuanzia daraja kwenda juu. Sisi tuna matope haya. Akiingia mmoja leo, kesho wataingia kumi, na keshokutwa tutaambiwa tukae sakafuni. Mwache aende kwao. Na kama huwezi kumkataa kwa ajili yetu, mkatae kwa ajili ya Tusekile."

Wengi waliitikia, na mwajua, enyi watu wangu, kwamba hakusema uongo. Ambakisye akatamka neno ambalo sisi tumelishika hadi leo:

"Mwandobo, ndugu yangu, makovu yako ni ya kweli, na nikikwambia uyasahau nitakuwa mwongo. Lakini siku ile, yeye aliinua mkono, nami nikaendelea kutafsiri. Kama mlango huu umefungwa kwake, nani alinifungulia mimi?"

Akamtaka Bibi Elinori aseme mbele ya wote alichokitenda, bila kupunguza. Mama yule alisema, akitaja shuka, sketi, mkono na mvua. Kisha wakashuka mtoni.

Waliokuwapo wanasema Ambakisye alimzamisha, na maji yakamfunika, na mikono yake ikakaa pale chini kupita desturi. Watu wakatazamana. Subilaga aliingia mtoni hatua moja. Ndipo Ambakisye akamwinua, mama wa watu akitweta na kukohoa. Ambakisye akasema pale pale, maji yakimchuruzika, kuwa ameuhisi moyo wake ukimwambia amwache chini, na kwamba ameusikiliza kwa muda wa pumzi moja. Akamwomba Bibi Elinori msamaha kabla hajamtamkia baraka.

Jioni hiyo Mwandobo aliondoka Mateteni, na nusu ya watu wakaondoka naye. Ambakisye aliwasindikiza hadi kivukoni. Alitaka kumbebea Mwandobo mzigo wake, Mwandobo akaukataa.

Habari zikapanda milimani kuwa mwanamke wa Kizungu amezamishwa majini na mikono ya mtu mweusi. Bwana Kolstoni alikwenda kwa Bwana Shauri, mtawala wa wilaya, na ikaandikwa hati kuwa mchungaji wa Mateteni anawachochea watu dhidi ya serikali na kuwalevya wanawake kwa dawa. Lakini hati ilihitaji shahidi mweusi. Wakamtafuta, wakampata. Mwandobo mwana wa Kyusa alitia dole gumba.

Mwandobo huyo ndiye babu yangu mzaa baba. Sitaki mlisikie hilo kwa mwingine.

Askari sita walikuja asubuhi wakati watu wanapalilia. Walikuwa wameogopa; waliijua sifa ya Bega la Mlima, na mmoja wao alishika bunduki kana kwamba inamuunguza. Wanaume wetu wakashika majembe. Ambakisye akawaambia wayaweke chini, kwa kuwa risasi zitaanza na walio wembamba. Bibi Elinori, aliyekuwa akifundisha wasichana kusoma, alikwenda akasimama mbele ya lori, askari wakambeba kando kwa makwapa. Ambakisye alipoona hivyo alifumba macho. Kisha akamgeukia Subilaga.

"Msifunge mlango," alisema. "Hata kwa Mwandobo."

"Unaniagiza jambo zito."

"Nalijua."

Akapanda lorini mwenyewe, na lori likainama upande aliokaa. Hakurudi. Wako waliosema walimwona akivunja chumvi katika kisiwa kisicho na kivuli; wako waliosema alikufa kwa homa katika gereza la nyanda za chini, alikokuwa akiwatafsiria wafungwa wa makabila mbalimbali barua za nyumbani. Subilaga aliandika barua kumi na moja kwa serikali. Zilijibiwa mbili, na zote mbili zilisema hakuna mfungwa wa jina hilo. Hatuna kaburi lake.

Kanisa lilichomwa mara moja, likajengwa tena. Bibi Elinori aliishi nasi hadi mwisho, watu wake walipokuwa wamelikana jina lake, akazikwa hapa, hatua nne kutoka kwa Tusekile. Wakaja wengine: Wahindi wawili mafundi wa mbao, watu wa makabila ya ng'ambo ya ziwa, familia ya karani. Walisogezewa nafasi, ingawa si kila mara kwa furaha. Kulikuwa na ugomvi, kulikuwa na waliosusa. Nisiwadanganye.

Mwaka wa tisa Mwandobo alirudi. Kahawa ilikuwa imemkataa tena. Bwana Kolstoni alikuwa amemfukuza hata kwenye kibanda alichompa baada ya ile hati. Alisimama nje ya mlango wa kanisa uliokuwa wazi, kofia mkononi, ibada nzima, akaenda zake. Jumapili ya pili vivyo hivyo. Wazee walimwendea Subilaga wakamkumbusha agizo la mumewe, wakamwomba amwite.

Subilaga akawaambia: "Mlango sikuufunga. Lakini mume wangu alikuwa na bega la kubebea mawe. Mimi ni mtu tu. Niacheni."

Miezi minne babu yangu alisimama pale. Mvua zilianza, naye akasimama mvuani, maji ya paa yakimwangukia, na hakuna aliyemwambia neno. Hata Jumapili moja, wimbo ukiendelea, Subilaga alinyamaza katikati ya ubeti. Hakugeuza uso, hakumtazama, hakuinua mkono kumwita. Alijivuta tu kwenye benchi, nafasi ya mtu mmoja, akaendelea kuimba, na sauti yake, waliokuwa karibu wanasema, ilikuwa ya hasira.

Babu yangu akaingia akaketi, nguo zake zikichuruzika juu ya shuka la Subilaga.

Ndivyo nilivyolipokea neno hili, na ndivyo ninavyowakabidhi.