Siku Tishari Lilipohama

Mpokezi akihama, arudiye hana pa kutua. Mmeisikia asubuhi Bi Mwanasiti akiambiwa, alipokuwa akifunga nyumba aende kumtafuta mwanawe mji hata mji, na sasa mnataka kujua ilitoka wapi. Msidhani ni ya mababu. Methali hii ilianza hivi, na aliyeianzisha aliilipia kwa aibu kwanza.

Palikuwa na kituo cha kurushia roketi huko Ras Mwewe. Mwanzoni, roketi ikirushwa, kile kipande kikubwa cha chini chenye injini kilianguka baharini kikawa hasara tupu. Wakaja mafundi wakasema kipande hicho kirudi, kitue kwa miguu yake, kirushwe tena. Kitue wapi? Juu ya tishari, lile jahazi bapa la kubebea mizigo, huko huko baharini.

Wa kulishika tishari walimchagua Fumo Bakari, aliyeendesha boti ya uokoaji miaka ishirini. Wakati wa kutua hakubaki mtu juu yake. Fumo alikaa kwenye meli nyingine, mbali, akiliongoza kwa mitambo huku akilitazama kwenye kioo cha kompyuta. Kazi yake ilikuwa moja tu, lisitoke pale lilipowekwa. Mkuu wa mafundi, Injinia Rukia Shebwana, binti wa umri wa wanawe, alimweleza mara tatu kwamba kipande kikirudi kitaelekea kwanza majini, kando ya tishari, ili injini ikikataa kisilivunje. Mwishoni kabisa ndipo kitakapojisogeza juu yake. Fumo akaitikia kila mara. Lakini kuelewa ni jambo moja, na mkono uliozoea kuokoa ni jambo jingine.

Siku ikafika. Kipande kikatokea mawinguni, wima, moto ukiwaka chini yake, na Fumo akakiona kinakwenda majini. Roho ikamruka. Kwao mgeni hulakiwa njiani, na anayezama haambiwi asubiri. Mkono ukazungusha usukani kabla mwenyewe hajajua, tishari likasogea kwenda kukipokea. Papo hapo kipande nacho kikajigeuza, kikashuka taratibu, kikatua vizuri mno juu ya maji matupu. Kikainama, kikazama.

Hakuna aliyemtukana, na hilo ndilo lililomuumiza. Rukia akaja akaketi karibu naye.

"Nilikiona kinapotea, mwanangu," Fumo akasema. "Nikakifuata."

"Hakikupotea, mzee wangu. Kilitua pale pale tulipokubaliana. Wewe ndiye hukuwepo."

Fumo alikwenda nalo neno hilo nyumbani, akala nalo, akalala nalo.

Kikabaki kipande kimoja tu cha kujaribia. Wenye kituo wakasema hiki nacho kikizama wanafunga, kila mtu ashike njia yake. Kuna waliotaka Fumo aondolewe, maana aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Rukia akawajibu na ashtuke, mradi asihame.

Mara ya pili bahari ilikuwa imechafuka. Kipande kikaja, tena kikielekea majini, na safari hii kilionekana mbali zaidi. Vidole vikamwasha Fumo. Wimbi likilisukuma tishari huku, analirudisha mahali pake. Likilivuta kule, analirudisha, wala hakuongeza hata dhiraa moja. Machozi yakamtoka mbele za watu, asiyafute, kwa kuwa mikono ilikuwa na kazi. Kisha kipande kikajigeuza. Kikaja juu ya tishari, kikashusha miguu, kikasimama.

Watu wakapiga vigelegele na kukumbatiana. Fumo alibaki kwenye kiti, kanzu imelowa jasho kama aliyekuwa akipiga makasia.

Rukia akamuuliza ilikuwaje akaweza.

"Mara ya kwanza nilikipenda nikakikimbilia," Fumo akasema. "Leo nimekipenda nikakingoja, na kungoja kumenichosha zaidi. Mpokezi akihama, mwanangu, arudiye hana pa kutua."

Wenzake wakalichukua neno, likatoka Ras Mwewe likafika hadi huku kwetu, kwa watu ambao roketi hawajaiona.

Sasa, kijana wa Bi Mwanasiti aliondoka kwa hasira, na katika dunia hii yote anaujua mlango mmoja tu. Mama yake amekwisha kufungua mizigo, analia na kufagia. Nendeni mkamsaidie kurudisha kitanda ndani. Mkifika msimuulize kwa nini hakusafiri, kwani mmekwisha kuambiwa: mpokezi akihama, arudiye hana pa kutua.