Pampu Iliyokuwa Ikikata Bolti

Sogeeni mnisikilize, na msinikatize, kwa sababu nikimaliza ni ninyi mtakaosema, si mimi.

Kwenye machimbo ya vito ya Mkarange waliishi watu watatu, kila mmoja na kipawa chake. Nakijwa alikuwa amefanya kazi muda mrefu kwenye mashine ya kusaga mahindi. Akiweka kiganja juu ya mashine, alijua inaumia wapi. Shemboza alikuwa mhunzi, na hakuna chuma kilichomshinda. Kiondo alikuwa fundi baiskeli. Akikaza nati, mkono wake ulijua pa kuishia: haikulegea, wala haikukatika.

Hawakuwa ndugu wala marafiki. Walisalimiana tu njiani, basi.

Asubuhi moja, baada ya mvua kubwa, maji yalipasua ukuta wa shimo la wachimbaji. Wengi waliwahi kupanda juu. Wachimbaji watatu hawakuwahi. Kila mmoja alikimbilia ndani ya handaki alilokuwa akichimba, kwa kuwa mahandaki yale yalipanda kidogo kuelekea ndani, na maji yakawafungia humo na hewa kidogo iliyobaki. Mmoja alikuwa mume wa Nakijwa. Mwingine alikuwa mtoto wa pekee wa Shemboza. Wa tatu alikuwa kaka yake Kiondo, aliyemlea tangu wazazi wao walipofariki.

Juu ya shimo kulikuwa na pampu ya dizeli. Ikawashwa. Ilivuta maji kidogo, ikatetemeka, kisha bolti zilizoishikilia kwenye fremu yake ya chuma zikakatika, pampu ikaruka pembeni. Wakafunga bolti nyingine, nene zaidi. Nazo zikakatika. Maji yakapanda tena pale pale.

Walipofunga nyingine na kuwasha, Nakijwa alisogea akaweka kiganja kwenye mguu wa pampu.

"Zimeni," akasema. "Inacheza. Nani aliweka mpira hapa chini?"

Chini ya kila mguu kulikuwa na kipande cha tairi kuukuu. Namkunda, mwanamke aliyeendesha winchi ya kushushia na kupandishia ndoo shimoni, akajibu, "Ni sisi, dada. Tuliweka ili itulie."

"Mpira unabonyea. Pampu ikiruka, mzigo wote unaangukia bolti peke yake."

Akang'oa mipira yote. Akatafuta vipande vya chuma bapa, akavipiga tupa, akavijaribu, akavipiga tupa tena, mpaka kati ya mguu na fremu pasipite hata ukucha. Safari hii pampu ilidumu zaidi, na maji yakaanza kushuka. Kisha bolti zikakatika.

Shemboza akaokota kipande kilichovunjika, akakigeuzageuza.

"Hii ni fupi na nene," akasema. "Haina pa kuvutikia. Bolti nzuri ukiikaza hurefuka kidogo sana, halafu inataka kurudi, na huko kutaka kurudi ndiko kunakobana."

Akawasha makaa, akafua bolti ndefu, nyembamba kuliko zile. Chini ya kila kichwa cha bolti akaweka kipande cha bomba nene ili urefu ule upate nafasi. Waliokuwa wamesimama pale walinong'ona kwamba wembamba ule hautafika popote. Yeye akazifunga. Pampu ilipowashwa, bolti hazikukatika. Ila nati zilianza kulegea moja baada ya nyingine, na pampu ikaanza kutembea juu ya fremu.

"Mmekaza mpaka mkono ukachoka," Kiondo akasema. "Bolti yenyewe bado haijavutika."

Akachomeka bomba refu kwenye mpini wa spana. Akakaza nati moja kidogo, akavuka hadi kona ya mkabala, akarudi, akazunguka tena na tena, zote zikibana sawasawa. Kwenye nati ya mwisho kitu kilipasuka begani mwake. Akakunja uso, hakuachia mpaka akamaliza. Kisha akakaa chini na kusema, "Washeni."

Pampu ikanguruma, ikashika. Alasiri, midomo ya mahandaki matatu ilionekana, yote kwenye kina kimoja. Kwenye kila mdomo kulikuwa na mkono unaopunga.

Watu wakaanza kushukuru, kisha wakasikia udongo ukiporomoka. Mtetemo uliokuwa ukimezwa na mpira sasa ulikuwa unashuka moja kwa moja ardhini, na ukuta wa shimo, uliokwisha kulainika, ulikuwa unameguka. Pampu ikizimwa, maji yangerudi. Ikiendelea, ukuta ungeanguka. Na ndoo ya winchi ilibeba mtu mmoja tu kwa safari.

Namkunda akautazama ukuta. "Wa kwanza nitamtoa," akasema. "Wa pili sijui. Wa tatu siwezi kuwaahidi."

"Mpira niliuona mimi," Nakijwa akasema. "Bila hivyo mngekuwa bado mnabadilisha bolti."

"Na vyuma vyako vilikuwepo, mama, bolti zikakatika," akasema Shemboza. "Mtoto wangu ni huyo huyo mmoja."

Kiondo alikuwa ameshika bega. "Vyuma vilikuwepo, na bolti za Shemboza zilikuwepo. Pampu ilikuwa inatembea. Yule kule chini ndiye baba niliyemjua."

Hakuna aliyesema uongo, na wote watatu walijua hivyo. Nakijwa alitaka kusema achukuliwe yeyote. Badala yake akasogea karibu na winchi. Shemboza hakuweza kumtazama machoni.

Namkunda akainama ukingoni, akaita ili ajue nani amedhoofika kuliko wenzake. Mlio wa pampu ukaimeza sauti yake. Alichoona ni mikono mitatu tu, na hakuna uliopunga kwa nguvu kuliko mwingine. Bonge la udongo likaanguka majini.

Akaishusha ndoo mpaka ikafika usawa wa mahandaki. Ikaning'inia katikati, ikiyumba. Akawageukia wale watatu, na wale watatu wakamtazama yeye.

Nami nanyamaza hapo. Sasa semeni ninyi: lau mngekuwa mmeushika mkono wa winchi ile, ndoo mngeipeleka kwa nani, na wale wawili wengine mngewaambia nini?