Akiba ya Buku

Paukwa.

Pakawa.

Pakawa shimo la Buku, limejaa hadi mlangoni.

Hapo zamani za kale, Buku, yule panya mkubwa mwenye mifuko mashavuni, aliishi shimoni pamoja na mkewe na binti yao, Chembe. Buku alipenda kuokota. Akiona ganda, mashavuni. Akiona kifuu, mashavuni. Akifika nyumbani, pu, anatua. Mkewe akiuliza, jibu lilikuwa lile lile: "Akiba haiozi, mke wangu."

Akaokota, akaokota. Chumba kikajaa. Njia ikajaa. Masika yakakaribia, na Mama Chembe alikuwa mjamzito, siku zake zimetimia. Akataka kuingia chumbani ajifungue pakavu. Tumbo likakwama mlangoni, kwaa.

"Baba Chembe," akasema, "mwanao azaliwe mvuani ili vifuu vyako vilale ndani?"

"Lakini ni akiba," Buku akasema kwa sauti ndogo.

"Hilo ni dai, baba," akasema Chembe, "na dai hupimwa. Akiba ni kitu kinachoingoja siku yake. Tutoe kimoja kimoja, nawe utuambie kinangoja siku gani."

Wakaanza. Kokota, kokota. Chembe akainua kifuu kilichopasuka. "Hiki je?"

Buku akakuna sikio. "Hicho kitupwe."

Akainua karanga. Zikanuka.

"Hizo tumpelekee Bi Kindi," Buku akasema. "Mti wake umeangushwa na upepo, wanawe wanalala ndani ya gogo tupu."

Mkewe akacheka. "Zimeoza kwako, kwake zitakuwa mbichi? Mume wangu, uchoyo wako unataka na thawabu."

Buku akapenya hadi ndani kabisa, akatoka na furushi la sufi, jeupe, laini, alilolipenda kuliko vyote. Akalitazama kwa muda.

"Hili nililiweka kwa ajili ya siku ya baridi," akasema. "Siku hiyo imefika. Imefika kwa Bi Kindi."

Vyote visivyo na siku wakavitupa, kisha wakalipeleka furushi, baba, mama na mtoto. Bi Kindi akalitandika ndani ya gogo. Wanawe wakazama humo, kimya.

"Jirani," Bi Kindi akauliza, "nawe hukujibakizia kitu?"

"Nimejibakizia nafasi," Buku akajibu.

Mvua ikashuka, cho, cho, cho. Mama Chembe akaingia chumbani bila kukwama popote, akajifungua pakavu. Buku akakaa mlangoni, kifua mbele, mashavu matupu.

Nungunungu akapita, akamtania: "Mzee wa mashavu, akiba yako imekwenda wapi?"

Buku akanyoosha mkono mmoja kuelekea gogo la Bi Kindi, wa pili chumbani kwa mkewe, kichanga kilikokuwa kikilia.

"Ile pale, na hii hapa," akasema. "Haikuoza."

Basi, wakubwa kwa wadogo, shikeni hili: kitu kisicho na siku yake si akiba, ni mzigo. Na ukitoa, toa kile ambacho nawe ungekipokea kwa furaha.

Hapo ndipo hadithi yangu inapotua mzigo wake.