Jogoo Mkononi mwa Namkunda

Kaeni vizuri, na mwenye kutaka kubisha angoje nimalize. Juzi mlinikatiza mpaka hadithi ikaniharibikia mdomoni. Leo sikubali.

Kwenye usharika mmoja huko milimani Upare walikuwako watu watatu, kila mmoja na alichojaliwa. Bibi Nakiete alijaliwa kuomba. Akifumba macho, hata mlevi anavua kofia. Mbonea, mzee wa kanisa, alijaliwa mdomo mchungu, anakupasulia ukweli wako mbele ya wakwe zako. Naetwe wa kwaya alijaliwa mikono. Maneno hana, kazi anayo.

Lakini mwenye hadithi ni Namkunda. Huyo alifua vitambaa vya madhabahu, akafagia kanisa, akateka maji ya chai ya wanakwaya, miaka nenda miaka rudi. Siku ya sikukuu ya mavuno mchungaji akashika kipaza sauti, akashukuru kwaya, akashukuru wageni, wapishi, hata aliyeazimisha turubai. Namkunda akanyoosha shingo, akangoja. Mchungaji akasema amina.

Lo! Namkunda akasimama, akamtupia Mzee Mbonea funguo za kanisa mapajani. "Tafuteni punda mwingine!" Akatoka.

Hakukanyaga tena kanisani. Hata mimi ningesusa, msinitolee macho. Ila ubaya ni kwamba aliacha na kuomba. "Hata Wewe hukuniona," alimwambia Mungu huku anachochea moto, na tangu hapo nyumba ikawa baridi kwake, kila kitu kikawa kizito, mwenyewe akaogopa jinsi alivyobaki peke yake.

Jumamosi moja asubuhi akaja Bibi Nakiete. Hakuhubiri. Alivuta kigoda, akamwacha Namkunda atukane wote, mmoja baada ya mwingine, mpaka akaishiwa matusi. Kisha akamshika kichwa. "Baba, mwanao amechoka. Na sisi ndio tuliomchosha." Akamkumbusha kwamba Yesu aliwaita kwake wenye kulemewa na mizigo, wala hakuwauliza kwanza kama wana furaha. Namkunda alilia mpaka kanga ikalowa. Lakini kanisani? "Siendi ng'o, bibi."

Jioni akafika Mzee Mbonea. Hodi hakupiga.

"Wewe Namkunda, ulikuwa unamfulia nani? Kama ni sisi, haki yako, tununie mpaka ufe. Kama ni Mungu, Yeye amekukosea nini?"

"Toka kwangu!"

"Natoka. Jibu ubaki nalo."

Alimfukuza na mwiko hadi barabarani. Lakini kwa kuwa machozi yale ya asubuhi yalikuwa bado karibu, maneno yakapenya. Kulipokucha akavaa, akashuka kanisani kabla ya kengele, si kusali jamani, kwenda kumtukana Mbonea vizuri.

Mbonea hakuwako. Alimkuta Naetwe, ambaye walikuwa hawasalimiani tangu wagombane juu ya sare za kwaya. Naetwe anatandika madhabahu. Vitambaa vyeupe, mikono imechubuka kwa sabuni. Kumbe wiki zote hizo alikuwa anafua yeye.

"Nani kakutuma?" Namkunda akamkaripia.

"Hakuna. Nilijua utarudi. Sikutaka ukute pachafu."

Namkunda akagusa vile vitambaa. Akakaa kwenye benchi la mbele, akasema, "Bwana, nimekuja, nimechoka." Na akapumzika. Alihisi anajulikana, kwa jina na kwa jasho lake, na kwa mara ya kwanza hakuhitaji kutajwa na mtu.

Baada ya ibada ukaja mnada wa sadaka za mazao na kuku, pale nje. Mchungaji akanunua jogoo, akamkabidhi Namkunda mbele ya wote. "Dada, nilikusahau. Nisamehe. Na desturi yetu unaijua: huyu mpe aliyekurudisha, umtaje jina."

Ndipo makelele yakaanza. "Bila maombi ya bibi yetu angekuwa jiwe mpaka leo!" wakapayuka wajukuu wa Bibi Nakiete. Mbonea naye: "Nyamazeni! Nisingemchokoza angekuwa bado jikoni ananuna!" Wanakwaya wakamrukia: "Angekuta uchafu angegeuza palepale!" Nusura washikane mashati, na Biblia makwapani.

Namkunda amesimama, jogoo anapiga mabawa. Anamwona Bibi Nakiete anajifanya kutazama pengine. Anamwona Mbonea, ambaye jina lake halijawahi kutajwa kwa wema na mtu yeyote. Anamwona Naetwe ameinamisha kichwa, lakini masikio yako wazi. Watatu wote wamenyoosha shingo, na yeye anaijua vizuri hiyo njia ya kurudi nyumbani bila kutajwa.

Msiniambie achinjwe wagawane mchuzi. Desturi ni jina moja, na mchungaji anangoja. Haya, nyie wajuaji wa kubisha, mbona sasa kimya? Mtajieni huyo mmoja, kisha mniambie mtawatazamaje machoni wale wawili.