Beberu Aliyekalia Kiti cha Enzi

Hapo zamani, katika mji wa Mwambani, alikuwako sultani akiitwa Hakamu, naye alikuwa na beberu mweupe mwenye ndevu nzuri kuliko zake yeye mwenyewe. Akampenda hata akapiga mbiu: "Beberu huyu ni mimi. Aendako asizuiwe, alacho asinyimwe. Atakayempiga amenipiga mimi, na mnyama wake nitamtwaa." Watu wakaitikia, "Hewala, bwana," maana hewala haigombi. Basi beberu akala kunde za watu, akala mihogo yao, na wao wakimwamkia.

Pembeni mwa mji alikaa fukara mmoja, Chande, na mkewe Bi Mwanakheri. Watu walimwita Chande zuzu kwa kuwa alizoea kuzungumza na wanyama wake, naye alijibu kwamba hao angalau humsikiliza. Zizini alikuwa na kondoo wawili wakongwe na mbuzi jike mmoja wa maziwa, na mbuzi huyo ndiye aliyekuwa roho ya nyumba. Binti yao alifariki siku ya kujifungua, akawaachia kichanga, Zawena, anayenyweshwa maziwa ya mbuzi kwa kijiko.

Ikawa siku moja beberu akaingia shambani mwao na kuanza kung'oa mtama mchanga. Bi Mwanakheri akapandwa na hasira, akamchapa ufagio wa mbavu. Kabla ya adhuhuri askari walikwisha kuja, wakamwondoa yule mbuzi jike.

Chande akaenda kulia barazani. "Bwana wangu, mjukuu wangu atakufa njaa."

"Nimepigwa ufagio, Chande," akajibu Sultani akijishika ubavu. "Hata sasa naumwa. Kamwombe radhi beberu. Akikusamehe kwa kinywa chake, nami nimekusamehe." Wazee wa baraza wakacheka hata vilemba vikawalegea.

Chande akarudi nyumbani, akamkuta Zawena akilia kwa sauti iliyokwisha kukauka, na maji ya wali yakimtoka mdomoni. Akamwambia mkewe kwamba atarudi barazani.

"Watakucheka tena," akasema mkewe.

"Na wacheke, mke wangu. Kesho baraza litakaa tena. Nitamwomba beberu, ila nitamwomba mahali pa heshima yake."

Sasa, kila mfugaji ayajua haya mawili, na wakubwa hawayajui: mbuzi hufuata chumvi, na mbuzi akiona kilichoinuka hukipanda. Asubuhi Chande akajipaka chumvi viganjani, akamwendea beberu sokoni, akamlambisha kidogo, kisha akashika njia ya jumba la Sultani. Beberu huyo nyuma yake.

"Mpisheni Sultani!" Chande akawaambia mabawabu. Wakatazamana, wakaikumbuka mbiu, wakampisha.

Sultani alikuwa bado anavaa. Chande akakipangusa kiti cha enzi vumbi kwa viganja vyake vyote viwili, polepole, kama mtumishi mwema. Beberu akaruka, akajituliza juu ya mto wa hariri, akaanza kulamba mkono wa kiti.

Alipoingia Sultani, aliwakuta wazee wamesimama kwa adabu mbele ya mbuzi. "Mshusheni!" akanguruma. Hakuna aliyesogea. Waziri akasema kwa unyenyekevu, "Bwana, mimi nina ng'ombe sita."

Sultani akainua bakora mwenyewe. Chande akamwangukia miguuni. "Usijipige, mtukufu! Ubavu wako haujapona tangu jana!"

"Ndiwe uliyemleta? Naamuru ufungwe!"

"Bwana, katika mji huu amri hutoka kitini." Na kweli ndivyo ilivyokuwa desturi tangu enzi za babu zake Sultani: asiyekalia kiti kile alikuwa mtu kama watu. Basi Chande akakigeukia kiti. "Ewe bwana wangu, umemsamehe mke wangu?"

Beberu, akiifuata chumvi, akainamisha kichwa, akakiinua, akakiinamisha tena, kisha akalia, "Mee!"

"Kasamehe kwa kinywa chake," akasema Chande.

Kadhi akakohoa. "Hukumu imetoka, bwana. Mbuzi jike arudishwe. Isipokuwa kama huyu si wewe, na hapo hakukuwa na sababu ya kumtwaa."

Sultani akamtazama beberu, ambaye wakati huo alikuwa akidondosha samadi juu ya hariri.

"Huyu si mimi," akanong'ona.

"Paza sauti, bwana," akasema Chande kwa upole, "kadhi apate kuandika."

"Nimesema mimi si mbuzi!"

Baraza zima likainama, kila mtu akiuma kilemba chake asicheke, na Sultani akatahayari asijue pa kuuweka uso.

Jua halijafika utosini, Chande alikuwa zizini mwake akikama, na Zawena akanywa hata akasinzia kijiko kikiwa mdomoni. Ama kadhi, yeye alikuwa mtu wa kazi yake. Aliandika kwa wino mzuri katika kitabu cha hukumu ya kwamba siku ile, mbele ya mashahidi kumi na wawili, imethibiti kuwa Sultani Hakamu si mbuzi. Na kati ya hukumu zote za enzi yake, hiyo peke yake ndiyo waliyoiomba watu isomwe tena.